Amri ya find inaposhindwa kuliona faili lililopo

Unajua faili lipo, kwa kuwa ulilihifadhi mwenyewe, lakini amri ya `find`, inayotafuta mafaili kwenye Linux na mifumo inayofanana nayo, inarudi mikono mitupu. Kabla ya kutilia shaka diski au programu, anza na alama za kunukuu, kwani kwa uzoefu wangu huko ndiko kwenye chanzo mara nyingi.

Ukiandika `find . -name *.txt`, sheli, yaani programu inayopokea amri zako, huifumbua ile nyota, yaani huibadilisha kwa majina ya mafaili yanayolingana nayo, kabla `find` haijaanza kazi. Saraka (folda) uliyomo ikiwa na faili moja la aina hiyo, tuseme `barua.txt`, basi `find` itakabidhiwa jina hilo peke yake na haitatafuta lingine. Yakiwa mawili au zaidi, itagoma na kutoa ujumbe wa kosa. Linalowapotosha wengi ni kwamba saraka hiyo isipokuwa na faili lolote la namna hiyo, Bash, sheli inayotumika sana, kwa kawaida huiacha nyota ilivyo, na amri ileile yenye kasoro hufanya kazi vizuri kabisa, hivyo mtu huamini kwamba aliiandika sawasawa. Tanguliza neno `echo`, yaani `echo find . -name *.txt`, nawe utayaona maneno yenyewe ambayo `find` inayapokea. Dawa yake ni `find . -name "*.txt"`.

Nukuu zikiwa sawa, jaribu `-iname`, isiyotofautisha herufi kubwa na ndogo. Kumbuka pia kwamba `-name` hulinganisha jina la mwisho tu, kwa hiyo `-name "picha/*.jpg"` haitapata kitu, tumia `-path "*/picha/*.jpg"`.

Ukiona `Permission denied`, nakusihi usikimbilie kuuficha ujumbe huo kwa `2>/dev/null`, kwa sababu huenda faili lako limo ndani ya saraka hiyohiyo uliyonyimwa ruhusa ya kuisoma.

Ukubwa nao una mtego wake. Katika `find` ya GNU, iliyomo kwenye mifumo mingi ya Linux, `-size -1M` huleta mafaili matupu pekee, kwa kuwa ukubwa hupandishwa kwanza hadi megabaiti kamili, na hata faili la baiti 1 huhesabiwa kuwa megabaiti 1. Andika `-size -1048576c`, inayohesabu kwa baiti.

Ikiwa unatumia `locate`, amri nyingine ya kutafuta mafaili, tatizo ni jingine: yenyewe husoma orodha iliyoandaliwa awali, na faili jipya halitaonekana humo mpaka orodha hiyo isasishwe, jambo unaloweza kulifanya mwenyewe kwa `sudo updatedb`.