Dawa zilizobaki nyumbani: namna ya kuzitoa bila kumdhuru mtu

Mfuko wa taka unaoufunga jioni haufiki dampo ukiwa umefungwa. Mbwa ataupekua kabla gari halijapita, muokota chupa ataufungua, na ukifika dampo la Pugu Kinyamwezi (Dar es Salaam) au Dandora (Nairobi) utachambuliwa upya. Pakiti ya vidonge iliyo nzima, yenye jina na tarehe yake, ni mali kwa anayeiokota. Ndiyo maana kazi yote iliyoelezwa hapa ina shabaha moja: dawa isitoke nyumbani kwako ikiwa bado inatambulika na inamezeka. Njia bora ni kuirudisha kwenye kituo cha afya, iteketezwe pamoja na taka za hospitali. Ikishindikana, unaweza kuiharibu mwenyewe kwa vitu vilivyomo jikoni.

Hatua ya 1: Kusanya zote, zipange mezani

Tafuta kila mahali: droo, mkoba, friji, gari, juu ya kabati. Fanya kazi hii watoto wakiwa wamelala au wako shule. Usivimimine vidonge katika rundo moja. Kila dawa ibaki kwenye pakiti yake mpaka umeamua inakwenda wapi.

Soma tarehe. «EXP 08/2026» maana yake dawa inafaa hadi siku ya mwisho ya Agosti 2026. Tarehe hiyo lakini ni ya dawa ambayo haijafunguliwa, na hapa wengi hukosea. Amoksilini ya unga ya watoto, ukishaichanganya na maji, ina siku 7 hadi 14 tu kulingana na maelezo ya chupa. Dawa nyingi za matone ya macho hutupwa wiki 4 baada ya kufunguliwa, kwa sababu vijidudu huingia kila ncha inapogusa kope. Insulini nyingi hukaa takribani siku 28 zikishafunguliwa. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino kwenye chupa yenyewe, maana boksi hupotea.

Kuna dalili zinazotosha hata kama tarehe bado. Aspirini inayonuka siki imeanza kuvunjika. Kapsuli zilizogandana zimepigwa na unyevu. Dawa ya maji ambayo mashapo yake hayachanganyiki hata ukitikisa vizuri, itoe. Tetrasaikilini ya zamani iliyogeuka rangi usiijaribu kabisa. Mabaki yake huharibu figo, jambo linalojulikana tangu miaka ya 1960. Na vile vidonge vilivyo ndani ya kibahasha au kifuko kidogo, bila jina wala tarehe, hesabu vimekwisha muda. Hata mfamasia hawezi kuvitambua kwa macho kwa uhakika.

Ukikuta mseto (dawa ya malaria) au antibayotiki zilizobaki nusu dozi, kuna jambo zaidi ya kutupa. Dozi ya mseto ya mtu mzima (ALu ya kawaida) ni vidonge 24 kwa siku 3. Vikibaki 8, mgonjwa hakumaliza dawa, na akipata homa tena arudi kupima. Usiviweke akiba kwa ajili ya homa ijayo, wala usimpe jirani kwa nia njema. Tunaomba pia mwache kufungua kapsuli za tetrasaikilini na kuzitia kwenye maji ya kuku. Mabaki ya dawa huingia kwenye mayai na nyama mtakayokula wenyewe, na vijidudu vya bandani huizoea.

Hatua ya 2: Tenga zile ambazo hazifai kuharibiwa nyumbani

Mofini ya maji inayotolewa kwa wagonjwa wa saratani ndiyo ya kwanza. Baada ya msiba, familia hugawana nguo za marehemu, na chupa ya mofini hubaki dirishani ikisahaulika. Kiasi kidogo kinaweza kusimamisha pumzi ya mtoto. Irudishe kwenye hospitali iliyoitoa, ukiwa na namba ya mgonjwa, na mpaka hapo ifungiwe kwa ufunguo. Hii ni katika dawa chache sana ambazo hata mamlaka ya dawa ya Marekani huruhusu zimwagwe chooni pale ambapo hakuna kabisa pa kuzirudisha, kwa kuwa hatari ya kuibakiza ndani ni kubwa kuliko madhara yake kwenye maji. Usilichukulie hilo kuwa ruhusa ya dawa nyingine.

ARV na dawa za TB zirudi kliniki ulikozichukua. Vidonge vya saratani, na methotrexate hata kama alipewa mgonjwa wa baridi yabisi, usivishike kwa mkono mtupu wala usivitoe kwenye pakiti. Pampu za pumu na dawa za kupuliza zina gesi iliyobanwa: usizitoboe, usizichome. Sindano za insulini ziingie kwenye chombo kigumu kisichotoboka, kama kopo nene la sabuni ya maji. Usirudishie kifuniko cha sindano, kwani hapo ndipo wengi hujichoma. Chombo kikifika robo tatu, kifunge, kizungushie utepe wa gundi, kipeleke zahanati.

Kabla ya kubeba chochote, uliza. Hospitali au kituo cha afya chenye mfamasia ndipo pa kuanzia. Duka la dawa muhimu la mtaani huenda lisiwe na utaratibu wa kupokea dawa za wateja. Ficha jina lako na namba yako kwa wino mzito, lakini acha jina la dawa, nguvu yake na tarehe visomeke, maana lazima ziorodheshwe kabla ya kuteketezwa. Mkabidhi mtu mkononi. Ukiacha mfuko mlangoni kwa sababu dirisha limefungwa, umeutupa barabarani. Uliza pia zitawekwa wapi: zinapaswa kukaa kando na dawa za kuuza, zikiwa na alama inayoonyesha kuwa ni za kuteketezwa. Ukiona kijana wa kaunta anazipanga kwenye rafu, zichukue uondoke nazo, kisha toa taarifa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania; kwa Kenya, toa kwa Bodi ya Famasia na Sumu.

Hatua ya 3: Haribu zilizobaki kwa mchanganyiko

Hizi ni dawa za kawaida: za maumivu, vitamini, antibayotiki, dawa za kikohozi, za tumbo, za presha. Kwa vidonge 50 hivi andaa vikombe 2 vya udongo mkavu, majivu yaliyopoa au majani ya chai yaliyotumika, na nusu kikombe cha maji. Chombo kiwe kile ambacho hakuna anayekinunua. Chupa ya maji au ya soda haifai: muokota chupa ataifungua, atamwaga kilichomo, ataondoka nayo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania Bara tangu 2019, kwa hiyo tumia kifungashio kilichopo. Pakiti nene ya sabuni ya unga ya kilo 1 inafaa sana.

Vaa glavu au funika mkono kwa kifuko. Toa vidonge kwenye foili na uviweke ndani ya pakiti vikiwa vizima. Usivitwange. Vumbi lake huingia puani, na mwenye mzio wa penisilini anaweza kuumwa vibaya kwa vumbi la amoksilini tu. Ongeza udongo, kisha maji kidogo kidogo, ukibonyeza kwa nje mpaka upate tope zito. Majani ya chai ndiyo bora kuliko yote, kwani hushika rangi ya vidonge na kuvificha. Mchanga mweupe wa pwani peke yake haufai, maana kidonge chekundu huonekana humo vizuri kabisa.

Dawa ya maji ya mililita 100 imwagie kwenye vikombe 2 vya udongo mkavu au majivu ili ifyonzwe, bila maji ya ziada. Ikichuruzika, ongeza udongo. Krimu zikamulie kwenye gazeti, zifunike kwa majivu, kisha zikunje pamoja.

Vidonge vinavyochemka ndani ya maji, kama vile vya vitamini C, viyeyushe kwanza kwenye kikombe kilicho wazi hadi mapovu yaishe. Ukivifungia ndani ya tope vitatoa gesi, pakiti itavimba na kupasuka, na kila kitu kitamwagika ndani ya pipa.

Kunja mdomo wa pakiti mara tatu, zungusha utepe wa gundi, iache usiku mzima mahali palipofungwa ili vidonge vilainike. Ichanganye na taka mbichi, maganda ya ndizi na mabaki ya ugali, na uitoe asubuhi ya siku gari la taka linapopita, si jioni iliyotangulia.

Maboksi yachane vipande, foili zikate kwa mkasi, lebo za chupa zilowekwe na kubanduliwa. Boksi zima lenye namba ya toleo linaweza kufungashiwa dawa bandia likauzwa tena.

Pasipo gari la taka

Kijijini, tumia kopo la bati la rangi. Jaza mchanganyiko hadi robo tatu, mimina juu yake saruji kipimo 1 kwa mchanga vipimo 3 iliyokorogwa nzito, acha ikauke siku mbili, kisha lifukie kwenye shimo la taka. Shimo liwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na chini yake kubaki mita 1.5 kabla ya kufikia maji ya ardhini. Pale ambapo maji yako karibu, kama maeneo mengi ya pwani, usifukie. Subiri safari ya kwenda mjini.

Chooni, motoni, jiki

Choo cha shimo hakiui dawa, kinaifikisha kwenye maji ya ardhini taratibu. Choo cha kuvuta huipeleka kwenye tangi au mabwawa ya majitaka, ambayo hayakujengwa kuondoa dawa, na antibayotiki humo huwapa nafasi vijidudu sugu.

Moto wa uani nao haufiki joto linalohitajika. Tanuri la taka za hospitali hupita nyuzi 850 kwenye chumba cha pili, na moshi hukaa humo kwa muda maalumu. Uani, foili nyingi za vidonge zina plastiki ya PVC inayotoa moshi wenye tindikali, na vidonge vya katikati hubaki vizima chini ya majivu. Jiki haiharibu dawa kwa namna unayoweza kuitegemea, na ikikutana na tindikali, hata ile ya vitamini C, hutoa gesi ya klorini.

Mtoto akimeza kabla hujamaliza

Usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Mwondolee vilivyobaki mdomoni na umpeleke hospitali na pakiti yenyewe, ukitaja vidonge vilivyokuwepo na vilivyobaki. Hofu kubwa ni vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki, kwa sababu vina rangi ya pipi na viko nyumba nyingi. Kidonge kimoja kina takribani miligramu 60 za madini ya chuma. Kwa mtoto wa kilo 10, vidonge 3 au 4 vinatosha kuanza kumdhuru, na 10 vinaweza kumuua. Anaweza kutapika, kisha akatulia kwa saa kadhaa na kuonekana amepona huku ini likiendelea kuumia. Akitulia, mpelekeni vilevile.