Moshi mweupe asubuhi ya baridi: pima plagi za hita kwanza
Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 1HZ ikitoa moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi asubuhi za Juni, pale Uyole (Mbeya) au Makete (Njombe), usikimbilie kufungua pampu. Ondoa bamba linalounganisha plagi 6 za hita, zinazopasha moto silinda kabla ya kuwasha (nati zake ni ndogo, zisikudondoke). Bana waya wa taa ya kupimia kwenye chanya ya betri, kisha kwa ncha nyingine ya taa gusa ncha ya kila plagi. Taa isipowaka, plagi hiyo imekufa: dizeli haishiki moto kwenye silinda baridi, inatoka kama ukungu. Zote zikiwa nzima, kagua rilei (swichi inayopeleka umeme kwenye plagi). Moshi ukiendelea hata injini ikishapata moto, na maji ya rejeta yanapungua, shuku gasketi ya silinda hedi, usiliendeshe gari.