Kabla ya kambi ya mikoko, tazama mwezi kwanza

Agosti pwani ya kusini ya Kenya ni kipupwe: kusi inavuma, jua halichomi sana, shule zimefungwa. Ndio wakati wa kuwatoa darasani wale vijana wa sekondari wanaowachosha walimu kwa maswali, na kuwatia matopeni juma zima. Nazungumzia kambi za ikolojia kama zile tunazofanya kwenye mikoko ya Gazi, kaunti ya Kwale, kilomita 50 hivi kusini ya Mombasa. Wazazi wakinipigia simu huuliza habari za begi. Mimi huwauliza kama wameutazama mwezi.

Bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, inakuja bamvua: maji hupwa mbali kabisa, na kwa bahati nzuri hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Juma moja baadaye ni maji mafu, na saa nne ile ile unaikuta bahari imejaa chini ya miti. Mwaka wangu wa kwanza nilipanga kambi kwa kalenda ya shule peke yake. Tukafika asubuhi na kamba, vigingi na daftari zetu, vijana ishirini, na maji ya kiunoni mbele yetu. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu akatuangalia, akasema, "Rudini alasiri," akaendelea kushona. Tulirudi, tukafanya kazi mbio mbio hadi mbu walipotufukuza. Basi kabla hujalipa hata shilingi, muulize mwenye kambi siku ya tatu maji yanapwa saa ngapi. Akibabaika, muulize tena na mengine yote: nani anajua kuogelea, maboya ya kuvaa mashuani yapo mangapi, hospitali ya karibu ni ipi.

Viatu viwe raba kuukuu za kufunga kamba kwa nguvu. Ndala huvuliwa na tope hatua ya pili, na mabuti ya mpira yakishaingia maji mtoto hanyanyui mguu. Peku ndio usithubutu: mizizi ya mlilana na ya mchu, miti ya huko mikokoni, huchomoza kutoka chini kama vigingi, na chaza walioganda kwenye mizizi hukata nyayo vibaya.

Daftari liwe la jalada gumu na penseli mbili. Kalamu ya wino iache nyumbani. Nimeona kazi ya saa tatu ikigeuka doa la buluu kwa sababu ya wimbi moja dogo.

Kisomo cha kabla si kirefu. Ajue miti minne tu kwa sura: mlilana unaosimama upande wa bahari, mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, mkandaa nyuma yake, na mchu, ambao utauona kuelekea nchi kavu na mara nyingine tena kule mbele baharini. Ajue pia kupima. Unene wa mti kwa kawaida hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Futi ya fundi cherehani inatosha, kisha unagawa mzingo kwa 3.14 upate kipenyo. Lakini mkoko umesimama juu ya mizizi, na mwingine mizizi yake inapita kimo hicho. Binti mmoja, bingwa wa hesabu shuleni kwao, alisimama mbele ya mti wa namna hiyo akiwa ameshika futi, karibu machozi yamtoke, maana kila alipoweka palikuwa mzizi. Hakutaka kuuliza. Kanuni ni kwamba unapanda sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa ndipo unapima. Kuijua ni jambo la dakika moja. Kilichomshinda ni kusema "sijui" mbele ya wenzake.

Hilo ndilo la kuandaa nyumbani, hasa kwa kijana aliyezoea kuwa wa kwanza. Juma moja kabla ya safari, mwambie akae uani dakika kumi kila asubuhi, ahesabu ndege na kuandika. Siku asipoona hata mmoja, aandike sifuri. Wengi huona haya kuandika sifuri, wanatafuta kunguru wa kujazia.

Afya: Kwale ina malaria, kwa hiyo mwone daktari mapema kuhusu dawa za kinga, na neti iwemo. Pumu, selimundu, kifafa, vyote visemwe kwa maandishi, visifichwe kwa kuogopa mtoto kukataliwa. Wasichana wabebe vya hedhi hata kama tarehe bado; matopeni hakuna duka.

Gazi ni kijiji cha Waislamu. Suruali pana, kanga ya kujitanda, na shikamoo kwa wazee kabla ya kutoa daftari. Mikoko nayo ina wenyewe: kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, tangu 2013 wanakijiji wanauza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko yao, na fedha zimeingia kwenye maji na shule. Kijana asivunje tawi ati analeta sampuli bila kuuliza.

Mwisho, tope la mikokoni halina hewa ndani, linanuka mayai viza, na raba zitarudi nalo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017. Leteni ndoo ya rangi yenye kifuniko, maana dereva wa basi ameshaapa kwamba mwaka huu hapakii viatu vya mtu.