Namna ya Kujua Kama Muda wa Mafunzo ya Lazima Unapaswa Kulipwa

Mfanyakazi anayeagizwa kuhudhuria mafunzo siku yake ya mapumziko, au kukamilisha somo la mtandaoni usiku akiwa nyumbani, mara nyingi huambiwa kwamba muda huo haulipwi kwa kuwa hakuna kazi aliyoifanya. Hoja hiyo haina mashiko katika sheria ya kazi ya Marekani ya mwaka 1938. Kanuni za sheria hiyo humwondolea mwajiri wajibu wa kulipa pale tu masharti manne yanapotimia kwa pamoja: mafunzo yafanyike nje ya saa za kawaida za kazi, mahudhurio yawe ya hiari, somo lisihusiane moja kwa moja na kazi ya mhusika, na mhusika asifanye kazi nyingine wakati wa mafunzo. Likikosekana sharti moja, muda huo ni wa kazi.

Anza kwa kuchunguza hiari, maana hapo ndipo mabishano mengi huishia. Tangazo linaweza kusema kwamba kila mtu yuko huru kutohudhuria, lakini ikiwa mfanyakazi amefanywa aamini kwamba kutofika kutahatarisha ajira yake au masharti yake ya kazi, hiari hiyo ni ya jina tu.

Kisha jumlisha saa za mafunzo na saa nyingine za wiki hiyo. Jumla ikizidi 40, saa za ziada hulipwa angalau mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Wapo wafanyakazi wa mshahara wa mwezi, hasa wasimamizi na wataalamu, ambao sheria haiwapi malipo ya saa za ziada, kwa hiyo hakikisha kwanza uko kundi gani.

Katika Umoja wa Ulaya njia ni fupi zaidi. Agizo la mwaka 2019 linataka mafunzo ambayo sheria au mkataba wa pamoja (makubaliano ya waajiri na chama cha wafanyakazi) unamlazimu mwajiri kuyatoa yawe bila gharama kwa mfanyakazi, yahesabiwe kuwa muda wa kazi na, inapowezekana, yafanyike ndani ya saa za kazi.

Kabla ya kudai, andika tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, na uhifadhi ujumbe uliokuagiza kuhudhuria. Kwa maoni yangu, ujumbe huo una uzito kuliko ushahidi mwingine wowote utakaoukusanya. Mwandikie mwajiri kwa adabu ukitaja saa zinazodaiwa. Asipojibu, mfanyakazi aliye Marekani anaweza kulalamika bila malipo kwa Idara ya Kazi, na mwajiri haruhusiwi kumwadhibu kwa kufanya hivyo. Usikawie: muda wa kufungua madai mahakamani kwa kawaida ni miaka 2, au 3 ikithibitika kwamba mwajiri alikiuka sheria kwa makusudi.