Vijiti, uma au mkono? Jinsi ya kuchagua ukienda mkahawa wa Kichina, Kijapani au Kithai hapa Mombasa

Nenda mkahawa wowote wa Kichina kule Nyali jioni ya wikendi ukatazame meza za wazungu, utakuta wengi wao wameshika vijiti, vile viwili vyembamba vya kulia, na uma umelala pembeni haujaguswa, halafu meza ya jirani iko familia yetu ya hapahapa, baba, mama na watoto, na wao wameshaomba uma na kijiko kabla hata menyu haijafunguliwa. Sasa watu huuliza, hawa ambao uma ni wao wanauachia nini? Na sisi je, tuwaige ama tukae na kijiko chetu? Mie jibu langu ni moja tu, chombo huchaguliwa na chakula kilicho mbele yako, si macho ya waliokaa meza ya pili, na ukishika hilo mengine yote yanakuja yenyewe.

Tuanze na hao wazungu kwanza manake ukiwaelewa utajua wapi wamepatia na wapi wamekosea. Kikubwa ni kwamba wameshazoea. Mwaka 1972 rais wa Marekani Richard Nixon alikwenda Beijing na watu kwao wakamuona kwenye televisheni kwenye karamu na waziri mkuu Zhou Enlai, anakula kwa vijiti, na baada ya safari ile Wamarekani wakawa na hamu kubwa ya chakula cha Kichina. Na tayari sheria yao ya uhamiaji ilikuwa imebadilishwa 1965, watu wa Asia wakaingia kwa wingi na mikahawa ikaongezeka, kwa hivo leo mtoto wa mji mkubwa kule anaweza kukua anajua vijiti tangu mdogo. Kingine ni heshima, mtu anahisi akiingia kwenye chakula cha wenyewe basi akile kama wenyewe, na hilo ni jambo zuri sana sioni ubaya wake hata kidogo. Halafu kuna raha yenyewe. Watafiti wawili wa Marekani, Ed O'Brien na Robert Smith, walichapisha mwaka 2019 utafiti ambao watu walipewa bisi, wengine wale kwa mkono na wengine kwa vijiti, na wale wa vijiti wakazifurahia zaidi, manake kitu ulichokizoea ukikila kwa njia ngeni akili inakirudia kama mara ya kwanza. Ipo na sababu ya mwisho, kuogopa kuonekana mshamba mbele ya wenzako, na hii ndo ya kuachana nayo kabisa.

Lakini sababu yenye nguvu kuliko zote iko jikoni. Mpishi wa Kichina anamaliza kazi ya kisu kabla chakula hakijafika mezani, nyama imekatwa vipande vya kutosha mdomo mmoja, mboga vilevile, kwa hivo wewe mlaji huna cha kukata, una cha kuokota tu, na kuokota ndo kazi ya vijiti. Tena vilianzia jikoni hukohuko, vile vya zamani vya shaba nyeusi vilivyofukuliwa Yinxu karibu na mji wa Anyang vina miaka zaidi ya 3,000 na wataalamu wengi wanaona vilikuwa vya kupikia, kuchotea vitu kwenye maji moto, kabla havijawa vya kulia. Ukichukua tambi ndefu zilizo ndani ya supu ukazizungusha kwa uma, mchuzi unarukia shati na tambi zinateleza, ila vijiti vinazishika juu na supu inabaki kwenye bakuli. Damplingi nazo, vile vifuko vya unga vyenye nyama ndani, ukizichoma kwa uma zinatoboka, ile supu ya ndani ambayo ndo utamu wake inamwagika kwenye sahani, umelipia hela zako bure.

Sasa tuje kwa wali, hapa ndo wengi wanateseka. Wali wa Kijapani ni wa punje fupi zinazoshikana, unanyanyua donge zima kwa vijiti bila taabu. Wali wa kukaanga kwa mchele mrefu unaochambuka, kama tunaoupenda sisi Pwani, huo chukua kijiko, na usione haya, Wachina wenyewe wengi huula kwa kijiko. Kama umeletewa wali mweupe kwenye bakuli dogo basi lile bakuli nalo ni chombo, China na Japani unalinyanyua mpaka karibu na mdomo halafu unakula kwa vijiti safari fupi kabisa. Ukiuona mtu anahangaika na vijiti juu ya sahani pana ya wali jua tatizo ni ile sahani. Korea lakini ni mambo mengine, bakuli linabaki mezani, vijiti vyao ni vya chuma na vinakuja na kijiko kirefu, na wali unaliwa kwa kile kijiko.

Na Thailand ndo pale wazungu wengi wanapokosea. Wanaingia mkahawa wa Kithai wanaitisha vijiti kwa wali na mchuzi wa nazi, weita anawaletea tu kwa kuwa ni wageni, lakini Wathai wenyewe wali wanakula kwa kijiko na uma. Kijiko mkono wa kulia, uma mkono wa kushoto, uma kazi yake ni kusukuma chakula kiingie kwenye kijiko na kinachokwenda mdomoni ni kijiko, uma haupelekwi mdomoni. Vijiti Thailand ni vya tambi, hasa zile za supu, ambazo zilikuja na Wachina. Kwa hivo wewe wa Mombasa ukikaa mkahawa wa Kithai na kijiko chako uko sawasawa na mtu wa Bangkok kuliko yule mgeni wa meza ya pili. Mkahawa wa Kihindi sina haja ya kueleza, mkono wa kulia na chapati au naan, hilo hapa mjini hatufundishwi na mtu.

Sushi je? Ile yenye wali chini na samaki juu unaweza kuila kwa vidole na Japani ni adabu kamili, tena ndo njia rahisi zaidi, ishike, igeuze kidogo, upande wa samaki ndo uguse soya sosi, manake ukichovya wali unanyonya chumvi yote na unavunjika. Samaki mtupu asiye na wali, sashimi, huyo kwa vijiti. Na tangawizi ile ya pembeni si ya kuweka juu, inaliwa katikati ya kipande na kipande kusafisha ulimi. (Walio Waislamu ulizeni pia kuhusu mirin, ule mvinyo mtamu wa kupikia wa Kijapani, na mvinyo wa mchele kwenye michuzi, mirin asilia ina pombe na si kila weita atakwambia usipouliza.)

Haya, namna ya kushika. Kijiti cha kwanza kilaze kwenye lile bonde kati ya kidole gumba na cha shahada, na upande wa mbele kikae juu ya kidole cha pete, hiki hakitembei kabisa kabisa, kimekufa hapo. Kijiti cha pili kishike kama kalamu, kwa ncha ya gumba, shahada na kidole cha kati, hiki ndo kinapanda na kushuka. Watu wengi wanashindwa kwa sababu wanataka kuvitembeza vyote viwili, vinapishana, chakula kinaanguka. Gonga ncha zake mezani taratibu zilingane, ikiwa moja imezidi nyenzake hutashika kitu hata ukae usiku kucha. Shika juu kidogo, usishuke karibu na ncha, na usikaze mkono, ukiona vidole vinauma ni kwamba unabana sana. Vya Kichina ni virefu, kama sentimita 25, na ncha butu, vya Kijapani ni vifupi na vimechongoka, kwa hivo anayeanza atapata afueni na vya Kijapani vya mbao, vile vya plastiki laini vinateleza na vya chuma vya Kikorea viache mpaka uive.

Jifunze nyumbani kabla hujaenda kulipa hela za watu. Anza na bhajia, zina mikwaruzo zinashikika, ukimaliza sahani bila kuangusha ingia kwenye korosho, halafu njugu, halafu tambi za pakiti za kuchemsha. Kaimati zenye shira weka mwisho kabisa manake ni mviringo na zinateleza, ukiweza kaimati basi huna chakula cha kuogopa mji huu. Watoto wafungie vijiti viwili kwa rababendi upande wa juu na karatasi iliyokunjwa katikati, vinafunguka na kujifunga vyenyewe, na mikahawa mingine watakutengenezea ukiomba.

Adabu zake ni chache ila usizipuuze. Usisimamishe vijiti wima ndani ya bakuli la wali, China na Japani ile ni picha ya ubani na wali unaowekewa maiti, mtu mzima wa huko akiuona atashtuka kweli. Usimpokeze mwenzako chakula kijiti kwa kijiti, Japani baada ya kuchoma maiti jamaa huokota mifupa kwa vijiti na kupokezana, kwa hivo weka kwenye sahani yake achukue mwenyewe. Usichome chakula, usimnyooshee mtu kijiti unapoongea, na vile vya mbao vya kuvunja, vinavyokuja vimeshikana ukavitenganisha mwenyewe, usivisugue kimoja kwa kingine, manake ni kana kwamba unamwambia mwenye mkahawa vyombo vyako hafifu. Kwenye ile meza ya kuzunguka ya Kichina tumia kijiko cha kupakulia, kama hakipo omba, na usichimbechimbe sahani ukitafuta nyama nzuri, ni ileile adabu ya sinia la biriani, kula mbele yako.

Ukienda na wazee fikiria mapema. Usimuache bibi yako akae mbele ya vijiti akitazamana navyo huku wajukuu mnapiga picha, mwite weita wewe kabla yake, "Samahani kaka, tuletee vijiko na uma pia, na maji ya kunawa," basi imekwisha, hakuna maelezo wala kuomba radhi. Na akiamua kula kwa mkono aachwe ale, chakula ni chake. Anayemcheka mtu kwa kuomba uma hajui hata uma ulikotoka, Mwingereza Thomas Coryat aliandika mwaka 1611 jinsi alivyouona Italia na akauanza kuutumia, na wenzake kwao wakamfanyia mzaha, manake wakati huo Waingereza walikuwa wanakula kwa mikono yao.

Kwa hivo ukikaa mezani soma menyu kwanza halafu ndo uite vyombo. Umeagiza tambi, damplingi, nyama na mboga za vipande, vijiti. Wali wa kukaanga, kijiko, na hakuna sheria inayokukataza kuwa navyo vyote, kijiko mkono huu kwa supu na vijiti ule mwingine. Kipande kikubwa cha kuku chenye mfupa, kishike kwa vijiti ukiume, ukishindwa tumia vidole na kitambaa. Samaki mzima wa mvuke, vijiti vinamvua nyama kwenye miiba vizuri kuliko uma, jaribu na changu au tewa uone.

Ukimaliza vilaze vijiti pamoja juu ya kile kijiwe chake cha kulazia au ukingo wa sahani, visipishane. Vile vya mbao vya kuvunja ni vya mara moja, usivibebe nyumbani ukaviosha, mbao ile haina rangi ya kuikinga inanyonya mafuta na maji na kuota ukungu. Ukitaka vyako nunua vya mianzi vilivyopakwa lakari, ile rangi ngumu ya kung'aa, vioshe kwa mkono na vikaushe vizuri, hewa yetu ya Pwani ina unyevu na ukivifungia kwenye droo vikiwa maji maji havitamaliza masika.