Senti ya Tundu Yenye Kasoro: Namna ya Kuikagua Kabla ya Kutaja Bei

Vijana wanaoniletea senti za mkoloni hapa Tanga husema, "Mzee, hii ina kasoro, nipe bei nzuri." Nyingi kasoro yake ni ya nyundo au msumari, na mnunuzi hutafuta kasoro ya kiwandani tu.

Chukua senti kumi ya shaba, ile ya pembe za ndovu zinazozunguka tundu. Kiwandani kipande kitupu kilitobolewa kwanza, ndipo kikagongwa maandishi. Tundu lililokwenda upande kwa kosa la mtambo lina kingo laini zilizoshindiliwa. Lililotobolewa baadaye kwa keekee hukata herufi safi na kuacha michirizi ndani.

Isiyo na tundu kabisa ndiyo yenye soko, na ndiyo inayoghushiwa. Watu huziba kwa shaba na kusugua. Ielekeze juani, uitazame kwa lenzi ya sonara, pande zote mbili. Ukiona duara jembamba kama unywele pale katikati, au rangi ya shaba inabadilika ghafla, mrudishie mwenyewe. Mizani peke yake haitoshi, maana hata shaba ya kuzibia ina uzito.

Kisha ishike taji likiwa juu, uigeuze kama ukurasa wa kitabu. Upande wa pili unapaswa kusimama wima. Ukilala ubavu au kupinduka, kalibu moja, yaani chuma chenye picha kinachogonga sarafu, ilizunguka mtamboni. Mzunguko mdogo hauongezi kitu. Robo au nusu ndiyo ya kuzungumzia.

Herufi H na KN si makosa, ni alama za viwanda vya Birmingham. Wala ya 1936 yenye jina la mfalme Edward VIII wa Uingereza si kosa, ingawa hakukaa ufalmeni hata mwaka. Zilitoka tele, msitapeliwe!

Heli 20 za Tabora za 1916, sarafu za Wajerumani, nazo zina mambo yake. Walizifua katika karakana ya reli wakati wa vita, kwa vifaa vya kubahatisha, kwa hiyo picha iliyopinda ni kawaida yake na mimi siilipii zaidi. Ambayo picha imehama sana kutoka katikati huku mwaka ukisomeka, hapo tunakaa tuongee.

Ndimu na majivu weka mbali. Shaba iliyong'arishwa hupoteza bei hata kasoro ikiwa ya kweli. Ipige picha pande zote mbili, kando ya senti nzima ya mwaka uleule, ndipo umtumie mnunuzi.