Kuongoza somo la sheria na neema kwa jioni moja

Somo hili huharibika mapema kuliko mengine. Kiongozi anasoma Warumi 6:14, "hamwi chini ya sheria, bali chini ya neema", papo hapo mmoja anauliza kama zaka imefutwa, mwingine analeta Sabato, wa tatu suruali za akina dada. Saa imekwisha na hakuna aliyefunua ukurasa wa pili. Kosa ni kuanzia katikati. Mpangilio ufuatao ni wa dakika 90, kwa watu 8 hadi 12.

Siku mbili kabla, soma Wagalatia yote bila kuinuka. Ni sura 6 tu, nusu saa inatosha. Tumia Biblia ya Union ya 1952 na kalamu ya risasi, upige mstari chini ya kila "sheria" na kila "torati". Utaona yamechanganyika: 3:10 ina "matendo ya sheria", 3:17 ina "torati". Kwa Kigiriki ni neno moja, nomos. Usipolisema hili mapema, atatokea mtu wa kueleza kwamba torati ndiyo iliyokwisha na sheria ndiyo iliyobaki, na kikundi kizima kitamfuata. Hoja hiyo imesimama juu ya chaguo la wafasiri, si juu ya Paulo.

Dakika 20 za kwanza ni za Kutoka. Paulo asubiri. Someni 19:1-6, kisha 20:1-3, halafu uliza swali moja: amri ya kwanza inapotamkwa, Waisraeli wako wapi? Wako Sinai, mwezi wa tatu tangu watoke Misri. Pasaka imekwisha liwa (sura ya 12), bahari imevukwa (14), mana wanaila (16). Na kabla ya "Usiwe na miungu mingine" kuna maneno ambayo orodha nyingi za Amri Kumi za ukutani huyaruka: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Musa hakutumwa kwa Farao na mbao mbili za mawe, awaambie watumwa wazishike kwanza ndipo watolewe. Hapo usiharakishe; waache waligundue wenyewe hata kama chumba kitakuwa kimya kidogo.

Mtu akisema Agano la Kale ni sheria na Jipya ni neema, mrudishe kwenye mstari huohuo. Njia hiyo aliipita Marcion, mwalimu wa karne ya pili aliyelikataa Agano la Kale, na kanisa la Roma lilimtenga mwaka 144. Yohana 1:17 (torati kwa Musa, neema na kweli kwa Yesu Kristo) nayo husomwa kana kwamba katikati yake pana "lakini". Waangalie tena: hapana.

Dakika 35 zinazofuata ni za Wagalatia. Wasomaji wa kwanza walikuwa waamini wasio Wayahudi, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, na walikuwa wakishawishiwa watahiriwe. Anza na 2:11-14, maana pale mgogoro unaonekana mezani: Petro alikuwa akila na waamini wasio Wayahudi huko Antiokia, wakaja watu waliotoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akajitenga. Paulo habishani kama amri ni mbaya au nzuri. Anauliza ni nini kinachomfanya mtu awe wa nyumbani. Mnapofika 3:17, mpe mmoja asome kwa sauti ile miaka 430 kati ya ahadi aliyopewa Ibrahimu na torati. Ahadi ndiyo yenye umri mkubwa.

Mstari wa 3:24 unahitaji muda. "Torati imekuwa kiongozi kutuleta kwa Kristo." Neno la Kigiriki ni paidagogos, na huyo hakuwa mwalimu. Alikuwa mtumwa wa nyumba aliyempeleka mtoto wa kiume shuleni, akimchunga njiani na kumkanya. Kwetu wa karibu naye ni dada wa kazi anayemshika mtoto mkono hadi kituo cha basi la shule, ingawa yule wa kale alikuwa mkali zaidi. Waulize: mtoto alikuwa mwana kwa sababu alimtii huyo mtu? Hapana, alikuwa mwana tangu asubuhi, kabla hawajatoka nyumbani. Na akikua hashikwi mkono tena, lakini barabara bado inavukwa kwa kuangalia pande zote. Kwa hiyo msiishie sura ya 3. Someni 5:13-14, juu ya uhuru wa kutumikiana kwa upendo, kabla hamjafunga barua.

Kikundi kikiwa na Walutheri, watatambua hili haraka: Katekisimo Ndogo ya Luther (1529) inaanza na Amri Kumi, ndipo Imani. Ile ya Heidelberg (1563), ya makanisa ya Reformed, inazieleza katika sehemu ya tatu, ya shukrani. Amri ni zilezile. Mbele ya aliyefungwa zinashtaki. Kwa aliyefunguliwa zinaonyesha njia.

Kwa zaka, Sabato na mavazi, weka karatasi moja mezani tangu mwanzo na uandike kila swali bila kulijibu. Katika dakika 20 za mwisho, chukua mawili tu. Kabla ya kujibu, muulize mwenye swali: unataka kujua ufanye nini ili Mungu akupokee, au aliyepokelewa aishi vipi? La kwanza limejibiwa na Wagalatia. La pili lina nafasi ya mjadala, na kuhusu Sabato makanisa yanatofautiana kweli, usijifanye umelimaliza.

Makosa mawili ni ya kiongozi mwenyewe. La kwanza ni kusoma Warumi 6:14 na kuacha 6:15, ambako Paulo anajibu "Hasha!". La pili ni kusoma Waefeso 2:8-9 na kuacha wa 10, wenye matendo mema.

Yakobo 2:24, inayosema mtu huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake, italetwa na mtu, kwa kawaida saa ya kufunga. Usiijibu kwa dakika tano. Wape kazi ya nyumbani: wasome Mwanzo 15:6, kisha Mwanzo 22, na waandike ni kifungu kipi Paulo anakinukuu katika Warumi 4 na ni vifungu vipi Yakobo anavitaja katika 2:21-23. Wiki ijayo mnaanzia kwenye majibu yao.